Bunduki ya babu na ufunguo wa mzee Hemingway

Mwezi uliopita ukoo wetu ulikaa kikao nyumbani kwa ami yangu, Msambweni. Hapakuwa na posa wala hitima. Ajenda ilikuwa moja tu: bunduki ya babu.

Ni bunduki ya midomo miwili, ile ya marisaa, ambayo babu aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Uingereza uhuru ulipokaribia. Babu alikuwa na shamba la minazi, mikorosho na mihogo, na kima na nguruwe mwitu walikuwa wakilila kabla yeye hajalila. Ndiyo sababu ya kuinunua. Lakini jioni nyingine alirudi na kanga au kwale wawili, amewawahi na kuwachinja hukohuko kichakani, na bibi akabandika chungu cha nazi. Hayo yalikuwa kabla ya mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini. Mimi sikuyaona. Nilichokiona ni bunduki yenyewe, na pale kwenye kitako ambapo rangi ya mti ilikuwa imeliwa na shavu la babu kwa miaka.

Babu alipofariki, marehemu baba yangu aliomba kibali chake mwenyewe akaendelea kuitunza. Sasa baba naye ametangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Kwa sheria yetu cheti cha silaha hakirithiwi kama shamba. Mwenye cheti akifa, silaha hukabidhiwa polisi, na anayeitaka huanza upya, aombe yeye kwa jina lake na achunguzwe yeye. Kwa hiyo swali la kikao lilikuwa: nani aombe? Binamu yangu mkubwa aliitaka. Ndugu yangu alitaka iuzwe kwa muuzaji mwenye leseni. Na mimi, niseme kweli, nilikuwa nikiitaka kuliko wote, ingawa sijawahi kupiga hata risasi moja maishani mwangu.

Usiku ule sikulala vizuri, na mtu aliyenijia akilini hakuwa wa ukoo wetu kabisa. Alikuwa Mmarekani, mwandishi Ernest Hemingway. Nilimsoma nikiwa chuoni Mombasa nikifanya diploma, pale mwalimu alipotupa kile kitabu chake kifupi cha mzee mvuvi na samaki mkubwa. Mimi ni mtoto wa watu wa bahari, kitabu kiliniingia. Baadaye nikajua kwamba mwandishi huyo alifika Mombasa, Malindi, na hata Shimoni, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Nikaanza kufuatilia maisha yake. Leo nataka nikusimulie, msomaji wangu, kwa sababu maisha ya mtu huyu yalianza na bunduki ya babu na yakaishia kwa bunduki, na katikati mna mambo yanayotuhusu.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899, Oak Park, mji mdogo karibu na Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari. Mama yake, Grace, alikuwa mwimbaji na mwalimu wa muziki. Kila msimu wa joto familia ilikwenda kwenye nyumba yao kando ya ziwa kule Michigan, na huko ndiko daktari alikomfundisha mwanawe kuvua na kuwinda. Walikuwa watu wa dini na wa nidhamu. Kijana alifundishwa kwamba ukiua mnyama umle, usiue kwa kujifurahisha.

Babu yake, mzee Anson, alikuwa amepigana katika ile vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865. Ernest akiwa bado mtoto, babu huyo alimpa zawadi ya bunduki ya marisaa ya mdomo mmoja, namba 20. Kwa wasiojua, namba hizi si za urembo. Bunduki ya namba 12 maana yake ni kwamba ukichukua risasi za duara zenye upana sawasawa na mtutu wake, 12 zitatimiza ratili moja. Za namba 20 zitahitajika 20. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba, na namba 20 ndiyo inayomfaa mtoto kwa sababu ni nyepesi na haimpigi sana begani. Unaona basi kwamba mzee alifikiri kabla ya kutoa. Na ninaamini hakuna kitu mtoto wa kiume anakikumbuka kama siku babu yake alipomwamini na kitu cha wakubwa.

Mwaka 1918, akiwa hajatimiza miaka 19, Hemingway alikwenda Italia kuendesha ambulansi ya Msalaba Mwekundu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Tarehe 8 Julai mzinga ulimlipukia karibu na akapata vipande vingi vya chuma miguuni. Alipona. Akaoa mwaka 1921, akahamia Paris na mkewe Hadley, akaishi kwa kuandika magazetini huku akijifunza ufundi wake wa sentensi fupi. Riwaya yake ya The Sun Also Rises ilitoka 1926, na jina lake likaanza kuvuma. Ndoa ile ilivunjika. Mwaka 1927 akamwoa Pauline Pfeiffer, wakaenda kukaa Key West, kisiwa cha kusini kabisa mwa Florida.

Kisha ikaja Disemba 1928. Daktari Clarence alikuwa mgonjwa wa kisukari na moyo, na pesa zake zilikuwa zimezama katika mashamba ya Florida yaliyopoteza thamani. Tarehe 6 mwezi huo alijiua nyumbani kwake kwa bastola. Haikuwa bastola ya dukani. Ilikuwa bastola ya kumbukumbu, Smith & Wesson ya mzee Anson aliyotoka nayo vitani. Ernest alikuwa ndani ya treni na mwanawe mdogo habari zilipomfikia kwa simu ya upepo.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Baada ya mazishi, Ernest alimwomba mama yake ampe bastola ile. Mama akampelekea kwa posta. Kwa nini mtu atake chombo kilichomuua baba yake? Miaka mingi nililiona jambo hilo kuwa la ajabu. Sasa silioni la ajabu. Kitu cha babu ni kitu cha babu. Mikono ya wazee ilikishika. Akili inajua kilichotokea, lakini moyo unasema ni chetu, kisiende kwa wageni.

Mwaka 1940 alitoa riwaya ya vita vya Hispania, For Whom the Bell Tolls. Ndani yake kuna mhusika mkuu ambaye naye baba yake alijiua kwa bastola ya babu aliyepigana vita vilevile vya Wamarekani. Mhusika huyo anaipanda milima hadi juu ya ziwa lenye kina kirefu, anaitupa bastola majini, na hataki kuieleza zaidi ya hapo. Ndani ya hadithi, Hemingway alijua la kufanya. Mara nyingi sisi nasi tunajua la kufanya hadithi ikiwa ya mtu mwingine.

Turudi nyuma kidogo tumpokee Mombasa. Mjomba tajiri wa Pauline alitoa dola 25,000 kugharamia safari ya Afrika, na mwezi wa Disemba 1933 Hemingway, mkewe na rafiki yao Charles Thompson waliteremka bandarini kwetu. Kiongozi wao wa uwindaji alikuwa Philip Percival, mzee maarufu wa Machakos ambaye ujanani mwake alikuwa amewinda pamoja na Rais Theodore Roosevelt, aliyefika hapa 1909. Waliwinda zaidi Tanganyika. Januari Hemingway aliugua kuhara damu, ikabidi achukuliwe kwa ndege ndogo hadi Nairobi, na ndege ile ilipita karibu na Kilimanjaro. Kutokana na safari ile tulipata kitabu cha Green Hills of Africa mwaka 1935 na hadithi ya theluji ya Kilimanjaro mwaka 1936. Walimalizia safari kwa kuvua samaki Malindi.

Katika kitabu hicho cha 1935 kuna wabeba bunduki wawili ninaowapenda kuliko wazungu wote waliomo. Mmoja ni Mkamba anayemwita M'Cola. Mwingine ni Charo, jina ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa linatoka upande gani, naye alikuwa Mwislamu mshika dini. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Disemba, na Charo alifunga huku akitembea porini mchana kutwa na mzigo wa bunduki. Hemingway aliliona hilo akaliandika. Alimcheka kidogo, maana kuna mahali anawacheka watu wetu kwa namna isiyopendeza, lakini alimheshimu. Nami husema kwamba uwindaji wake wote ule ulisimama juu ya miguu ya watu kama hao, waliojua nyayo, waliosafisha mitutu jioni, na ambao majina yao kamili hayamo kitabuni.

Sasa tuzungumze bunduki zake, maana ndiyo mada. Hemingway alikuwa nazo nyingi. Bunduki kubwa za kuua nyati na simba zilikuwa za kazi, lakini zile alizozipenda zilikuwa za marisaa, za ndege. Alizitumia kupiga kanga na kwale huku kwetu, bata mwitu kwenye mabwawa ya Venice, na kwale na bata kule Idaho, alikoanza kwenda mwaka 1939 akiwinda pamoja na mwigizaji Gary Cooper. Alipokuwa akiishi Cuba alikuwa mwanachama wa klabu moja karibu na Havana, ambapo njiwa hai walifunguliwa vibandani wakapigwa kwa mashindano. Mwanawe wa mwisho, Gregory, alikuwa mtoto mdogo tu na alikuwa akiwashinda watu wazima. Mchezo huo mimi siutetei. Dini yetu imekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kujipima, na nadhani daktari Clarence naye asingeufurahia.

Lakini kulikuwa na bunduki moja, Winchester Model 12, ile ya kuvuta mkono wa mbele ili kuingiza ganda jipya. Haikuwa ya thamani. Ilikuwa bunduki ya kawaida ya Mmarekani wa kawaida. Katika kitabu kilichotolewa na mwanawe Patrick mwaka 1999, nusu kumbukumbu nusu hadithi, anaieleza kama mtu anayemweleza rafiki wa utotoni. Wamekaa pamoja miaka 35. Iliwahi kuungua moto, kitako kimebadilishwa mara tatu, chuma kimelainika kwa kushikwa. Ni bunduki hiyo anayoingia nayo kichakani kumfuata chui aliyejeruhiwa. Wanaojua habari hizi watakwambia kwamba bunduki ya marisaa huzoea mwili. Rubani wa ndege hatazami mtutu, hutazama ndege, na bunduki ikiwa si ya kipimo cha bega na shavu lake, atakosa tu. Ndiyo maana ya zamani inapendwa kuliko mpya. Niliposoma hapo nilikumbuka kile kitako cha babu kilicholiwa rangi.

Niliandika rubani, ni kalamu ya mtu wa bahari imeteleza. Nilitaka kusema mpigaji.

Aliporudi Afrika Mashariki, Agosti 1953, alishukia tena Mombasa. Wakati huo alikuwa na mke wa nne, Mary, baada ya kuachana na Pauline kisha Martha Gellhorn. Alikuwa ametoka kushinda tuzo ya Pulitzer kwa kile kitabu cha mzee na bahari. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Mzee Percival alitoka kwenye mapumziko ya uzee kumwongoza. Walipiga kambi sehemu za Kimana, chini ya Kilimanjaro, na serikali ikampa Hemingway cheo cha heshima cha mlinzi wa wanyama. Safari hii alipenda kutazama wanyama kuliko kuwaua, na kupiga ndege wa chakula cha kambi.

Januari 1954 akampa mkewe zawadi ya kutalii kwa ndege ndogo. Tarehe 23, kwenye maporomoko ya Murchison nchini Uganda, ndege iligonga waya wa simu wa zamani ikaanguka. Walilala porini, wakaokolewa na mashua hadi Butiaba. Siku ya pili wakapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ikiwa bado chini. Hemingway alifungua mlango uliokwama kwa kuupiga kwa kichwa chake. Magazeti ya ulimwengu yalikuwa yameshatangaza kifo chake, na alipofika Nairobi alijisomea tanzia zake mwenyewe.

Watu walicheka. Lakini mwili haukucheka. Kichwa kilipasuka, ini na figo ziliumia, uti wa mgongo uliumia, alikuwa akiona vitu viwili viwili. Na badala ya kulala hospitali, Februari alikuja kwetu, Shimoni, kwenye kambi ya kuvua. Huko moto wa kichaka ulizuka, akaenda kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake akaungua miguu, tumbo, kifua na mikono. Mwezi wa Machi akapanda meli Mombasa kwenda Venice. Wazee wa Shimoni wa rika la babu yangu walikuwa vijana wakati huo, na bahari aliyoitazama akiwa na bandeji ni hiihii ninayoitazama mimi nikienda kumzuru shangazi.

Oktoba mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel. Hakuweza kwenda kuipokea.

Yaliyofuata ni machungu na nitayapita kwa haraka. Alikuwa mnywaji mkubwa maisha yake yote, na kichwa kile kilikuwa kimeumizwa mara nyingi. Mwaka 1960 aliondoka Cuba, akahamia Ketchum, Idaho, katika nyumba aliyoinunua mwaka uliotangulia. Uandishi ulimkataa. Alianza kuona wapelelezi kila mahali na kuogopa umaskini ilhali pesa anazo. Alilazwa hospitalini Minnesota mwishoni mwa 1960 na tena mwaka 1961, akatibiwa kwa umeme wa kichwa, na akalalamika kwamba kumbukumbu, ambayo ndiyo mtaji wa mwandishi, imepotea. Aprili 1961 mkewe alimkuta na bunduki mkononi, akamshikilia kwa maneno mpaka daktari akafika.

Baada ya hapo bunduki zote zilifungiwa stoo ya chini ya nyumba. Lakini funguo ziliwekwa jikoni, dirishani, mahali zilipokuwa siku zote. Mary alijua ziko pale, na mumewe alijua. Alieleza baadaye kwamba hakuona kama ana haki ya kumfungia mtu mali yake mwenyewe. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Julai 1961, Hemingway aliamka mapema, akazichukua, akateremka. Zilikuwa zimebaki siku 19 atimize miaka 62.

Mimi simhukumu Mary. Nani kati yetu angethubutu kumnyang'anya mzee wa nyumba funguo zake? Heshima ndiyo iliyoziacha pale dirishani, heshima na mazoea. Na Hemingway simhukumu pia. Dini yetu iko wazi kuhusu kujitoa roho, lakini hali ya mgonjwa aliyepotewa na akili anaijua aliyemuumba, na sisi tumefundishwa kuufunga mdomo pale elimu yetu inapoishia.

Bunduki aliyoitumia ilikuwa ya Kiingereza, ya midomo miwili, ya kupigia ndege, chombo kizuri kilichotengenezwa kwa mkono. Wakusanyaji wa vitu vya watu mashuhuri wangeilipia kiasi chochote. Familia ilikataa. Ilipelekwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma hapohapo Ketchum, ikakatwa vipande, na vipande vikafukiwa. Bastola ya Anson ilitumwa kwa posta kama urithi. Bunduki hii ilikatwa. Kati ya mambo hayo mawili kuna miaka 32 na zaidi, na roho ya mtu.

Sasa turudi Msambweni.

Kwenye kikao binamu yangu alitoa hoja zake vizuri. Alisema bunduki ni ya kumbukumbu na ikitengenezwa itafanya kazi, kima bado wapo. Nilimjibu kwa ufundi, maana nilikuwa nimeuliza. Bunduki nyingi za Kiingereza za umri ule zina chemba ya inchi 2 na nusu, na maganda mengi ya leo ni ya inchi 2 na robo tatu. Ganda refu laweza kuingia vizuri kabisa, kisha likakosa nafasi ya kufunguka, na nguvu ikapanda ndani ya chuma cha kizee. Mtutu uliopasuka uko karibu na mkono wa kushoto na uso. Kwa hiyo hata wa kuitumia lazima kwanza awe na fundi mwenye leseni wa kuipima. Nilijiona nimeshinda hoja. Nia yangu ilikuwa iwe yangu, itundikwe sebuleni, isitumike kabisa.

Ndipo ami, aliyekuwa kimya muda wote, akaeleza jambo ambalo sikulijua. Miaka minane iliyopita nilipoteza kazi na katika mwaka huohuo nikamzika mtoto. Nilirudi kukaa kwa baba miezi kadhaa. Sikuwa nikilala, nilikuwa nikikaa barazani mpaka alfajiri, na sikuwa na neno na mtu. Wakati ule baba alituambia kwamba bunduki ameipeleka kwa fundi, kitako kinatengenezwa. Nilimwamini. Ami akasema haikwenda kwa fundi yeyote. Baba aliipeleka kituo cha polisi ikatunzwe ghalani, akaomba isirudi mpaka atakapoitaka mwenyewe, na hakuitaka tena hadi anakufa. Ami tu ndiye aliyeambiwa.

Niliinamisha kichwa. Baba hakunisema, hakunihubiria, hakumwambia mama. Aliona tu mwanawe hayuko sawa, akauondoa ufunguo dirishani.

Uamuzi wa kikao ulikuwa kwamba bunduki haitaombewa kibali na mtu yeyote, itasalimishwa serikalini moja kwa moja. Mimi ndiye niliyeitoa hoja hiyo mwishoni. Binamu yangu amekasirika na bado hanipigii simu, naelewa. Tulichobaki nacho ni mkanda wa ngozi wa babu wa kuchomekea maganda, mitundu yake yote mitupu, na picha moja amesimama mbele ya mnazi na kanga wawili mkononi. Kumbukumbu hiyo yatosha.

Wewe uliye na silaha halali nyumbani, ya babu au ya kazi, sikuambii uitupe. Nakuomba jambo moja: jua nani katika nyumba yako halali usiku huu, na jua ufunguo uko wapi. Akiwepo, iondoke nyumbani kwa muda, sheria inaruhusu itunzwe kituoni. Na wewe ambaye huilali, mwambie mtu mmoja leo, imamu, daktari, dada yako, yeyote. Mimi sikumwambia mtu. Nilibahatika kuwa na baba aliyeona.